Sikumwita Mama: Maelezo Rasmi Kuhusu Tope la Natron

Kwa kuwa dereva wetu ameshaisambaza habari hii kwenye makundi yasiyopungua matatu, likiwamo la ukoo wangu ambalo sijui hata aliingiaje, naona ni haki nami nitoe maelezo rasmi. Ni kweli kwamba Jumanne nilinasa kwenye tope la Ziwa Natron. Ni kweli pia kwamba aliyenitoa ni mtoto mchunga mbuzi. Si kweli kwamba nilipiga kelele za "Mama!" Nilimwita shangazi, na kwa kuwa aliyenilea ni shangazi, wito ule ulikuwa na mantiki yake.

Mnaonifuata hapa mnajua kilichotupeleka kule: kuwahesabu heroe, ndege ambao wengi wenu mnawaita flamingo, na kuyapima maji wanayoyategemea. Heroe mdogo hula kichwa kikiwa kimepinduliwa, akichuja mwani wa spirulina ambao hustawi kwenye maji ya magadi. Maji yakizimuliwa mno, mwani hupungua, na ndege huhama bila kuaga, kama walivyolihama Ziwa Nakuru kina chake kilipopanda miaka ya 2010. Natron ndipo mahali pekee Afrika Mashariki ambapo heroe wadogo huzaliana kwa uhakika, juu ya vichuguu vya tope katikati ya chumvi, kwa sababu ni fisi wachache wenye moyo wa kuvuka magadi yale kufuata yai moja.

Magadi hayo, na hili litatufaa baadaye, huipandisha pH ya ziwa (kipimo cha asidi na alkali, ambacho maji safi yasiyo na magadi huwa kama 7) hadi kupita 10.

Siku iliyotangulia nilikuwa nimealikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya jirani. Nilizungumza vizuri mno. Niliwaeleza kwamba lile gamba jeupe la chumvi lisiwadanganye, kwamba chini yake kuna tope lisilo na huruma, na kwamba mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuviendea viota vya heroe kwa miguu katika ziwa hilohilo, magadi yakamuunguza miguu hadi akalazwa hospitalini. Nikahitimisha kwa kuwauliza, "Je, tunakanyaga gamba?" nao wakanijibu kwa sauti moja, "Hatukanyagi!"

Jumanne asubuhi nilifika ukingoni, nikawasha kipima pH, nikaichovya ncha yake majini. Kikasoma 7.01. Nikasubiri. 7.01. Nikasogea hatua kumi, nikachovya tena, na kikasoma 7.01 kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwenye kifaa chochote cha idara yetu.

Kwa wale ambao kemia iliwapitia pembeni, kila tarakimu moja ya pH ni tofauti ya mara 10, kwa hiyo kutoka 10 hadi 7 ni mara 1,000. Yaani ziwa zima la magadi lilikuwa limegeuka maji ya kunywa usiku mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujua. Mbele yangu maelfu ya heroe walikuwa wameinamisha vichwa wakila kama kawaida, jambo ambalo lingemtosha mtu mwenye akili timamu. Mimi niliwaonea huruma, kwamba maskini hawajapata habari. Nikamwandikia Profesa ujumbe mfupi, "pH ni 7, nasubiri maelekezo," nikaiacha simu garini isije ikalowa, na bila kuyasubiri maelekezo hayo nikaamua kwenda kupima maji ya ndani zaidi. Nilijiambia kwamba labda hapa ukingoni ni maji ya kijito, na mwanasayansi makini hatosheki na ukingo.

Nikakanyaga gamba.

Hatua ya kwanza lilinibeba. Ya pili lilinibeba pia, na nakumbuka nikiwaza kwamba pengine tunawatisha watoto bila sababu. Hatua ya tatu lililia kama chapati kavu inayovunjwa, na mguu wa kulia ukaenda chini polepole, bila haraka yoyote, kama mzee anayekaa kwenye kigoda. Nikaukanyagia wa kushoto ili niuchomoe wa kulia. Wa kushoto ukaenda ndani zaidi. Nikauvuta wa kulia kwa nguvu zangu zote, ukatoka, na nikafurahi kwa muda wa nusu sekunde hivi, hadi nilipoona kwamba kilichotoka ni soksi. Gambuti lilibaki chini, na nilipokosa pa kuiweka soksi ile, niliirudisha topeni nikaizika hadi gotini.

Harufu iliyopanda ilikuwa ya yai viza. Tope lilikuwa jeusi na la moto. Juzi yake mwiba wa mgunga ulikuwa umenichana muundi, na mchano ule sasa ulianza kuwaka, ndipo nilipokumbuka kwamba haya ndiyo magadi yaleyale tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi, nikajikuta nikipiga hesabu ya muda wa mimi kuiva. Wakati wote huo kifaa nilikuwa nimekiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, kwa sababu bei yake ingelipwa na wajukuu zangu. Nikakitazama. Kilikuwa bado kinasoma 7.01. Hewani. Tafadhali rudieni sentensi hiyo: kilikuwa hewani, kinasoma 7.01, ngozi yangu inaungua, na mimi nikakiamini kifaa.

Hapo ndipo nilipomwita shangazi.

Aliyekuja ni layoni mmoja, mvulana wa Kimaasai wa miaka kumi hivi, na fimbo yake, na mbuzi kama ishirini wakajipanga ukingoni kwa ukimya wa watu waliokuja msibani. Nilimtambua mara moja. Jana alikaa dawati la mbele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nilijibu, kwa sababu hata ukizama hadi mapajani, salamu ni salamu.

"Si ulisema huku hakukanyagwi?"

"Nilisema."

"Basi lala."

Nilimweleza kwamba mtu mzima halali kwenye tope. Alinisubiri. Dakika chache baadaye, nilipokuwa nimefika kiunoni, nililala kifudifudi kama alivyoshauri, nikamnyooshea kifaa akipokee kwanza. Alikigeuzageuza, akakitazama kwa makini, kisha akaniuliza swali ambalo dereva hakulisikia na ndiyo maana halimo kwenye toleo lake:

"Mwalimu, mbona hiki umekivisha kofia?"

Usiku uliotangulia kioevu cha kuhifadhia ncha kilikuwa kimetuishia, hivyo nilijaza ndani ya kofia yake kile kioevu cha pH 7 tunachosahihishia kifaa. Asubuhi nzima nilikuwa nalipima kopo langu mwenyewe.

Yaliyobaki ni madogo. Dereva alikuja na kamba mkono mmoja na simu yake inayorekodi mkono wa pili, wakanivuta, suruali ikaamua kubaki na magambuti. Nilikuwa na bukta ndani, tena ya timu ambayo sitaitaja kwa kuwa msimu huu tuna aibu ya kututosha, kwa hiyo ile habari ya "kama alivyozaliwa" ifutwe. Nilioshwa kijitoni kwa maji mengi na sasa napaka dawa asubuhi na jioni. Layoni alichovya ncha isiyo na kofia, akanisomea mwenyewe: 10.2.

Garini nilikuta Profesa amejibu kwa maneno mawili, "Kofia umevua?" Ujumbe ule uliingia saa 4:08 asubuhi, wakati gambuti langu la kwanza likiwa bado kavu.