Watu Thelathini Nyuma ya Muda wa Kipchoge

Jumamosi iliyopita nilikimbia mita 200 mara saba, na mpaka leo nikishuka ngazi nashika ukuta. Tulikuwa thelathini, klabu yetu ya mtaani hapa Dar es Salaam, tukipokezana kijiti kimoja kuzunguka uwanja. Tulikuwa tunautafuta muda alioukimbia Eliud Kipchoge mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019: saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kwa kilomita 42.195.

Hesabu yake ni nyepesi kuandika, nzito kukimbia. Muda ule ni wastani wa dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Ukiugawa kwa vipande vya mita 200 unapata vipande 211, kila kimoja sekunde 34. Jaribu kipande kimoja tu, ukiwa umepasha mwili vizuri. Utakimaliza, lakini utakuwa umeinama, mikono magotini. Kipchoge alikimbia hivyo vyote, kimoja baada ya kingine, na mwishoni bado alikuwa na pumzi ya kuwanyooshea watu vidole kwa furaha.

Wapo waliotuambia kwamba kupokezana ni kumvunjia heshima mzee yule. Sikubaliani nao hata kidogo. Siku ile Vienna hakukimbia peke yake. Alikuwa na wasindikizaji 41, wanaume wenye majina makubwa akiwemo Bernard Lagat, wakiingia na kutoka kwa zamu: watano mbele wakimkatia upepo, wawili nyuma. Gari lilitangulia likichora mistari ya mwanga barabarani ili mwendo usipotee, na maji aliletewa na mtu wa baiskeli. Ndiyo maana muda ule haukuandikwa kuwa rekodi rasmi ya dunia. Kwangu mimi huo ndio uzuri wake. Watu 41 walikubali kuchoka ili mwenzao afike, kisha mita za mwisho wakampisha apite mbele peke yake. Klabu inayoukimbilia muda ule kwa pamoja inaufuata kama ulivyopatikana.

Ugomvi wetu ulikuwa kwingine, na ulitaka kutuvunja. Wiki tatu kabla, baadhi ya vijana walitaka tuchague wakimbiaji kumi na wawili wenye kasi, wengine wabaki kushangilia. Walikuwa wamempigia hesabu mama yetu mmoja, muuza chapati, ambaye mita 200 zinamchukua sekunde 46. "Anatula sekunde kumi na mbili kila mzunguko," mmoja akasema, mama mwenyewe akiwa amekaa pale pale anafunga kamba za viatu. Hakujibu.

Nilisema siku ile na narudia hapa: walikosea, hata kwa hesabu zao wenyewe. Wakimbiaji kumi na wawili maana yake kila mmoja akimbie mara kumi na saba au kumi na nane, na kati ya zamu apumzike dakika sita tu. Wakiwa thelathini, kila mmoja anakimbia mara saba na kupumzika robo saa. Sekunde 46 za mama yule ni sekunde 46 za kijana mwenye kasi kurudisha pumzi. Kila mguu unaouongeza ni pumziko la mwingine.

Tukaingia wote thelathini. Tulianza saa kumi na mbili kasorobo, kabla jua halijawaka. Kijiti chetu kilikuwa kipande cha bomba la plastiki kilichozungushiwa plasta nyeupe kisiteleze. Kufikia saa moja plasta ilikuwa imegeuka rangi ya udongo na imelowa, ukiipokea unahisi joto la mkono wa aliyekupa. Mama alipokea kijiti mara zote saba kwa mkono wa kushoto, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali ya mazoezi. Mara ya sita alikimbia kwa sekunde 43. Yule kijana wa hesabu ndiye aliyekuwa akimsubiri. Akapaza sauti, "Njoo mama, njoo, nipo!"

Tulimaliza kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 8. Tulipitwa na Kipchoge kwa zaidi ya dakika kumi na moja. Kilichoninyamazisha zaidi ni kingine. Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia mjini Tokyo, Alphonce Simbu alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akamshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa kifua tu mstarini. Mtanzania mmoja, kwa miguu yake miwili, alituacha sisi thelathini wenye kupokezana. Wengi wetu tuliuona ushindi ule kwenye simu, tukapiga makofi, tukaendelea na kazi. Sasa kila mmoja wetu anaujua kwa mapaja yake.

Klabu za mbio zimejaa mijini siku hizi, na fulana na medali za kushiriki tunazo za kutosha. Naziomba zitenge asubuhi moja ya namna hii, na zisimwache mtu nje. Sisi tunarudi uwanjani mwezi wa kumi. Mama wa chapati ameshaomba zamu nane.