Angani, Mwenye Haraka Huachwa Nyuma

Kuna maelezo ambayo yangefaa kufutwa kwenye kila ubao: kwamba wanaanga huelea kwa sababu kule juu hakuna mvutano. Upo, tena mwingi. Kimo cha kilomita 400, kinapozunguka Kituo cha Kimataifa cha Anga, mvutano wa Dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu unaotubana hapa chini. Kituo kinaanguka muda wote. Hakifiki chini kwa sababu kinakwenda pembeni kwa kilomita 7.7 hivi kila sekunde, na kadiri kinavyoanguka ndivyo uso wa Dunia unavyopinda kukikwepa.

Mwanafunzi akishalielewa hilo, mimi nisingemkimbizia fomula. Ningemsimulia kwanza yaliyomkuta James McDivitt.

Juni 1965, akiwa kamanda wa Gemini 4, chombo cha anga cha Marekani, McDivitt alitaka kukikaribia kipande cha roketi iliyowapeleka juu. Alikuwa anakiona. Akaelekeza chombo huko na kuwasha injini, vile vile ambavyo dereva barabarani angekanyaga mafuta. Hakukipata, na mafuta yalipozidi kupungua zoezi likaachwa.

Alikuwa rubani hodari, ila obiti, yaani njia ya kuizunguka Dunia, haina barabara. Ukiongeza kasi, chombo hakibaki kwenye njia ileile. Upande wa pili wa mzunguko unainuka. Kikipanda kinapoteza mwendo, na safari yenyewe imerefuka. Kinaporudi pale kilipoanzia, unayemfukuza ameshapita. Anayetaka kumfikia aliye mbele inambidi apunguze kasi kidogo, ashuke, azunguke kwa njia fupi na ya haraka zaidi, kisha apande akishakaribia. Gemini 6A ya Walter Schirra ilianzia kwenye obiti ya chini ikaifuata Gemini 7 hivyo, Desemba mwaka huohuo, hadi vyombo vikakaribiana kwa sentimita 30 tu.

Tazama namba za obiti za duara, uone jinsi aliye juu zaidi anavyokwenda polepole zaidi: kituo kile cha kilomita 400 huchukua kama dakika 92 kuzunguka Dunia. Setilaiti za matangazo, zilizo kilomita 35,786 juu, huenda kilomita 3.1 kwa sekunde na kuchukua karibu saa 24. Mwezi unajivuta kwa kilomita moja tu kwa sekunde.

Ninalolipenda kuliko yote ni la hewa. Hata kwenye kilomita 400 kuna hewa, nyembamba mno, inayoikwaruza setilaiti bila kukoma. Ungedhani itaipunguza mwendo. Kinyume chake, setilaiti hushuka taratibu, na kila inaposhuka huenda kasi zaidi! Hakuna uchawi hapo wala nishati ya bure: katika nishati inayotoka kwenye kushuka kimo, takriban nusu huongeza mwendo na nusu nyingine huishia kuwa joto.