Mitaro haizibwi na tabianchi

Juzi nimemsikia mheshimiwa mmoja redioni akiulizwa kwa nini Kisauni, hapa Mombasa, imefurika tena. Akakohoa kidogo, akajibu: "Haya ni mabadiliko ya tabianchi." Kesi ikaishia hapo! Mshtakiwa hana anwani, na mwenye funguo za stoo ya majembe yuko huru.

Sikatai. Bahari inazidi joto, maji yake yanapanda, na mvua za siku hizi zikija zinamwagika kwa fujo. Lakini kuna joto linalopanda polepole miaka nenda miaka rudi, na kuna kigeugeu cha misimu ambacho pwani hii imeishi nacho tangu enzi za majahazi. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu na kupoa upande wa Indonesia, vuli yetu hunyesha kupita kiasi. Ilikuwa hivyo 1997, ikawa 2019, ikawa tena 2023. Na dalili huonekana mapema: wataalamu wa Pembe ya Afrika hukutana kila Agosti, wakatoa utabiri wa Oktoba hadi Disemba. Hata fundi mvivu angeshazibua mtaro.

Utabiri ukifika ofisini ndipo unapoharibika. Mtaalamu anasema uwezekano wa mvua kuzidi ni mkubwa, ila huenda ikawa ya wastani. Mkubwa anataka ndiyo au la. Mwaka 2023 tuliambiwa El Niño, lile joto la bahari ya Pasifiki linalotuletea mvua kubwa, yaja. Oktoba tukatangaziwa haiji, ni mvua ya kuzidi kawaida kidogo tu. Novemba maji yakatuingilia hadi sebuleni. "Kwani maji yana kitambulisho?" aliniuliza mama mmoja jirani, anaanika magodoro ukutani.

Mtaro wa mtaani kwetu, kwa taarifa yenu, una makumbi ya madafu, chupa za soda, kandambili moja ya kushoto na tope jeusi lililoota nyasi. Nyasi, jamani! Zimeota, zikarefuka, na mbuzi wanashuka kuzila. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, lakini humo mtaroni habari hiyo haijafika.)

Kwa hivyo mheshimiwa msimsubiri Novemba na maji yako magotini. Muulizeni Agosti, utabiri ukishatoka: vijana wa kuzibua wanaanza lini, wanalipwa na nani, na wanaanzia Likoni au Kisauni?