Gundi Inaomba Saa Chache Tu

Mombasa hii kila kitu hungojewa. Fundi cherehani akipokea kitambaa chako cha kanzu mwezi wa Rajabu, omba uivae Idi, na usimuulize Idi ya mwaka gani. Feri ya Likoni hungojewa. Maji ya mfereji ndiyo usiseme: yanatoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200, yalianza safari miaka ya 1950 na kwangu Kisauni bado hayajafika sawasawa. Tunangoja, hatuna neno, tunaambizana pole pole. Lakini gundi ya bomba la PVC, kitu maskini kinachoomba saa chache tu kishike, hapo ndipo mji mzima unaposhikwa na haraka!

Mimi nina kibustani nyuma ya nyumba. Mchicha, mabamia, pilipili, mbilimbi mmoja mkaidi, na mlangilangi wa mama watoto ambao hata upepo huuomba ruhusa kabla ya kuutikisa. Chini ya ardhi nimelaza bomba la robo tatu inchi kutoka kwenye tangi, linagawa maji kwa vibomba vya nusu inchi hadi kila tuta. Maji ya kisima siwezi kuyatumia, yana chumvi. Mchicha ukiyanywa unaungua pembeni, na vitundu vya kudondoshea maji vinaziba kwa ukoko mweupe. Kwa hiyo hayo matamu kidogo yanayofika kwa mgao usiku wa manane ndiyo nayaweka kwenye tangi, nayalinda.

Sasa jirani akaoza. Mashallah. Nikaombwa nafasi ya turubai, nikatoa. Wale vijana wa turubai wakazunguka wakitafuta udongo laini wa kupigilia vyuma vyao, na mtaa huu mzima udongo laini uko wapi? Kwa mimi ninayemwagilia! Chuma kikazama vizuri, wakashangilia. Mimi niliombwa nafasi, jamani, sikuombwa bomba.

Na bomba la chini likitoboka halikwambii. Ardhi yetu ni matumbawe, mwamba uliojaa matundu, maji yakivuja yanamezwa kimya kimya. Ungeona dimbwi ungeshukuru. Mimi niliona tangi linakauka huku mabamia yananyauka, na katikati ya ua, mahali ambapo sikupanda kitu, nyasi zimestawi za kunenepesha mbuzi. Nikajua ni pale. Kumbe siyo pale. Maji hutembea yakapata njia, halafu ndiyo yanajitokeza, kwa hiyo unachimba ulipoona maji kisha unalifuata bomba kama mwewe anayefuata kifaranga.

Kuchimba kwenyewe ni futi moja ya udongo, halafu mtaimbo unaanza kulia ngwe! ngwe! Umefika kwenye jiwe. Wenzetu wa Bamburi wamekuwa wakichimba matumbawe haya kutengeneza simiti tangu hiyo hiyo miaka ya 1950, lakini wao wana baruti na mitambo. Mimi nina sururu ya kuazima yenye mpini unaochomoka.

Hapo baraza lote likahamia kwangu. Mtu akifiwa watu huja, bomba likipasuka huja zaidi. Mzee mmoja, karani mstaafu, akaniamuru nizungushe mpira wa ndani wa baiskeli. Mwingine: "Sheikh, liache juu juu, kwani lazima ulizike?" Liache juu! Na jua hili? PVC ikichomwa na jua la pwani inapauka, inakuwa kavu, halafu mbuzi wa jirani anakanyaga mara moja tu, pwaa. Kijana wa bodaboda akasema bomba lisiloingia kwenye jingine lipashwe moto kwenye makaa, likilainika lipanuliwe mdomo. Hilo nimeliona mafundi wakilifanya, na kweli linaingia, ila ule mdomo unabaki na ukuta mwembamba, na hapo ndipo litakapopasukia tena.

Fundi akaja jioni. "Mzee wangu, usiwe na wasiwasi." Mtu akikwambia usiwe na wasiwasi kabla hajainama kutazama shimo, anza wasiwasi. Akataka kukata palipotoboka na kutia kipande kipya kwa soketi mbili, vile vikombe vya kuungia mabomba. Vizuri. Lakini alitaka afanye hivyo kwenye kishimo cha upana wa sufuria. Nikamuuliza, hicho kipande utakiingizaje, ikiwa ncha zote mbili zimefukiwa hazirudi nyuma hata kidogo? Bomba la PVC si mpira wa kuoshea gari, halijikunji. Ama uchimbe mbele na nyuma mpaka uweze kuliinua kidogo, ama ununue soketi ile ndefu inayoteleza, unaisukuma yote upande mmoja halafu unairudisha kufunika kiungo. Akanitazama. "Mzee umesomea haya?" Sikusomea, nimeumwa mgongo.

Tukaenda hadiwea. Muuzaji akatoa kipande cha milimita 25. Nikamwambia mimi nataka robo tatu inchi. "Ni hiyo hiyo, ami." Si hiyo hiyo! Robo tatu kwa nje ina milimita 26 na ushee. "Inaingia, ami." Kuingia iliingia. Ilicheza ndani ya soketi ikabakiza nafasi ya wageni. Akanibadilishia huku akiguna, akaniita mwalimu.

Hiyo gundi sasa. Watu wanadhani ni ya kubandika, kama ya bahasha. Hii huyeyusha uso wa plastiki, bomba na soketi zikachanganyika zikawa kitu kimoja. Ndiyo maana inataka adabu. Unakata kwa msumeno wa chuma, uso unyooke. Unakwangua manyoya ya plastiki kwa tupa, unapitisha msasa, unafuta matope na maji yote, maana pakiwa na unyevu haishiki vizuri. Unapaka huku, unapaka kule, unasukuma mpaka mwisho, unazungusha robo duara, halafu unashikilia, unahesabu taratibu mpaka nusu dakika, kwa sababu hicho kitu kina tabia ya kujirudisha nyuma chenyewe. Unaliacha. Saa kadhaa, kesho asubuhi ndiyo salama. Tena unalijaribu kwa maji mtaro ukiwa wazi, uone kiungo kwa macho yako, ndipo ulaze mchanga laini usio na mawe, ufukie.

Fundi wangu akafungua kopo, gundi imeganda imekuwa jeli. Kuitupa hataki. Akauliza kama nina petroli. Nikamwambia wewe ukitia petroli humo nakusindikiza mpaka stejini. Tukanunua jipya, kwa pesa zangu bila shaka.

Akaunganisha, na haki yake nimpe, kiungo kilikaa sawa. Lakini gundi hata harufu haijapoa, yeye anarudisha udongo kwa koleo kwa kasi ambayo mwanzo hakuwa nayo. Ana kazi Mtwapa, bodaboda inamngoja. Mama watoto naye dirishani: maji ya mgao yanaingia usiku huu, afungue lini? Mtoto anataka kuoga. Jirani aliyeoza, na kwake watu walikaa na posa miezi mingi wakiulizana mambo ya ukoo, ananiambia mimi, "Ah, fungua tu bwana, imeshashika hiyo." Nani kashika? Akafungua yeye mwenyewe! Soketi ikaruka fyuu, mlangilangi ukaoga, na fundi, bila kuona haya, akasema, "Hiyo ni presha." Presha gani, na tangi lenyewe halizidi urefu wa mlango?

Basi tumekata upya, tumepangusa upya, tumepaka upya. Mara hii fundi nimempakia kwenye bodaboda yake mimi mwenyewe, mtaro nimeuacha wazi, nimeuzungushia viti vya harusi asije mtu akavunjika mguu. Halafu nimefungua skrubu, nimekitoa kishikio cha valvu ya tangi nikakitia mfukoni. Nyumba nzima inakitafuta. Mama watoto ameshapekua hadi ndani ya pipa la mchele. Nimemwambia fundi ameondoka nacho kwa bahati mbaya, yuko Mtwapa, atakirudisha asubuhi.

Ila huyo mlangoni anayebisha hodi, sauti naijua. Amesahau msumeno wake.