Aveiro na mama mkwe, nani alinituma

Wanaosema safari ya Aveiro, mji huku Ureno, hakuna cha kupanga, eti kutoka Porto ni kilomita 75 tu, unapanda treni stesheni ya São Bento au Campanhã unakaa saa moja na kidogo umefika, hao hawajawahi kupokea mama mkwe kutoka Tanga. Na shemeji juu. Na grupu la WhatsApp ambalo mke wangu kalifungua akaliita "Siku Yetu", kaniweka admin bila kuniuliza.

Hawa Wareno 1498 walifika Mombasa kwa upepo na tanga, hawana ramani ya simu wala bando, sisi hata treni tumeshindwa kuchagua. Kuna ile ya pole, bei rahisi, inasimama kila kituo, Espinho, Ovar, Estarreja, kote inasimama, na kuna ya haraka ambayo bei imechangamka na siti unapangiwa. Shemeji kasema tupande ya haraka. Nikauliza nani analipa. Kimya. Zile tiki zikawa za bluu zote, hakuna aliyejibu, mpaka jioni ndo akatuma emoji ya maua.

Siku yenyewe nayo vita. Mke wangu ofu yake Jumatatu, na Jumatatu makumbusho yao imefungwa, ile iliyokuwa konventi ya Jesus, nyumba ya masista, ambako kazikwa binti mfalme Joana aliyekufa 1490, kaburi lake limenakshiwa marumaru za rangi ukiliona unasahau kama ni kaburi. Nimeeleza vizuri kabisa, nimetuma na picha. Jibu la mke wangu: "Baba Zuhura, mi nataka Costa Nova."

Costa Nova ni ufukweni huko, zile nyumba za mbao za mistari, nyekundu na nyeupe, bluu na nyeupe, zamani yalikuwa mabanda ya wavuvi ya kuwekea nyavu na vifaa vyao. Treni haifiki, ukishuka Aveiro mjini unatafuta basi au teksi kilomita kama 10 hivi, halafu ukifika unapigwa na upepo wa bahari ile ya Atlantiki ambao hauna adabu hata kidogo. Yeye kashanunua gauni la mistari. Yaani mtu ana gauni la mistari anaenda kusimama mbele ya nyumba ya mistari, hiyo picha atamtafuta nani humo ndani? Na mpiga picha ni mimi, na mshika pochi ni mimi.

Sasa njoo kwa mama. Nikamwelezea kwa heshima zote, shikamoo mama, mji una mifereji, kuna mashua zinaitwa moliceiro, zamani zilikuwa zinavuna mwani kwenye lile ziwa la maji chumvi, mwani unapelekwa mashambani kama mbolea, siku hizi zinatembeza wageni. Na pembeni ya mji kuna mashamba ya chumvi. Mama akatuma voisi noti ndefu, nyuma kuna sufuria inagonga. "Mwanangu, mwani nimelima mpaka mgongo umepinda. Chumvi kwetu ipo. Mashua zipo. Umenipandisha ndege nije kuangalia Tanga?" Akanyamaza kidogo nikadhani imeisha, kumbe anavuta pumzi. "Na hao walioacha mwani wanabeba watu, kichwa shilingi ngapi?"

Nikamwambia. Dakika 45 tu za kuzunguka, nauli inazidi ile ya treni ya pole kwenda na kurudi. Mama akacheka peke yake, nadhani ashaona biashara.

Nikajaribu kumlainisha na ovos moles, vile vitamu vyao, kiini cha yai na sukari ndani ya kaki nyembamba ya umbo la samaki, kombe la baharini au kipipa, mapishi yametoka kwa masista wa konventi, na tangu 2009 Umoja wa Ulaya unalilinda hilo jina, huwezi kupika popote ukajiitia tu. Mama akauliza viini vikienda huko, ute wa mayai anakula nani. Shemeji akauliza kama kuna wali. Mji una karne na karne mtu anauliza wali!

Lakini shida kubwa sijaisema. Zile mashua zimechorwa mbele na nyuma, rangi kali, nyingine picha za watakatifu na wavuvi, na nyingine, jamani, za matani ya kikubwa, mwanamke kainama hivi, mwanaume anaangalia kule, na maneno chini yenye maana mbili. Ndo sifa yao, watu wanazipenda. Mimi na mama mkwe hata kiti kimoja hatukalii, leo tupange foleni mbele ya hiyo kitu halafu tuingie tukae tunaangaliana?

Nikamnong'oneza mke wangu jambo hili faragha. Faragha! Nusu saa haijapita mama kaandika kwenye grupu, mbele ya shemeji na watoto: "Mwanangu nasikia mashua zina picha. Nitumie nizione kwanza."

Picha ninazo hapa kwenye simu. Mke wangu yuko jikoni ananipigia kelele, "Si utume tu Baba Zuhura, mama anasubiri."