Kwenda Msondo kwa Noah ya Watu Saba

Tanga imenikera. Naipenda, nimezaliwa Ngamiani na kibanda changu cha kuziba pancha za baiskeli kipo hukohuko, lakini imenikera. Mji huu ulikuwa na bendi ya Atomic Jazz. Ukawa na Jamhuri Jazz. Upande wa taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star. Kina Kinyonga, Wilson na George, walitoka hapahapa wakaenda Arusha, kisha wakavuka mpaka Nairobi wakaunda bendi ya Simba Wanyika, na Wakenya wakawafanya wao kabisa. Leo ukitaka kusikia tarumbeta Tanga subiri harusi, wapite wale vijana wa kukodi nyuma ya pikapu, wimbo mmoja tangu kwa bibi harusi mpaka ukumbini. Sisi tuliokuwa tukitoa wanamuziki wa kugawia majirani, sasa tunawafuata wanamuziki kwenye wilaya za watu. Tena kwa mchango.

Tuna kundi letu la WhatsApp la wapenda dansi. Siku moja likaingia tangazo: Msondo Ngoma, Bagamoyo, Jumamosi. Sasa mie kwa Msondo huniambii kitu. Bendi ile imeanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kikageuka JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA. Chama kikageuka OTTU, bendi ikawa OTTU. Mwisho wakachoka kufuatana na wanasiasa, wakabaki na jina la mtindo wao, Msondo. Majina yote hayo, na magitaa hayakutetereka. Mfanyakazi mwenyewe sijui kama anaweza kusema hivyo kuhusu mshahara wake.

Walioandika "tupo pamoja" walikuwa wengi, na vikaragosi vya kucheza juu. Nilipoweka namba ya kutumia pesa, mtandao ukawasumbua wote kwa wakati mmoja. Mmoja akajibu baada ya siku mbili: "Samahani, hii ni kwa ajili ya nini?" Tukabaki wale wa siku zote: mwalimu mstaafu, muuza samaki wa Deep Sea, shemeji yangu na kijana wake aliyemaliza chuo hana kazi, jamaa mmoja wa Chumbageni ambaye nitamrudia baadaye, na wengine wa kujazia.

Mama watoto alinitazama nikipiga pasi suruali ya kitambaa.

"Baba, hilo goti uliloniambia haliwezi kupanda stuli kutundika pazia, linakwenda Bagamoyo kufanya nini?"

Yapo maswali mwanamume huyajibu kwa kufunga begi.

Tukakodi Noah. Mwenye Noah alisema inachukua watu saba. Mwalimu akasema ni nane ukimhesabu dereva. Muuza samaki akasema kumi ukiwahesabu vizuri. Tukawa kumi. Mie nikawekwa nyuma kabisa, goti sikioni, jirani yangu ni ndoo ya muuza samaki. Eti anampelekea dada yake Bagamoyo nguru wawili. Bagamoyo, mji wenye soko la samaki pwani kabisa, anapelekewa mtu nguru kutoka Tanga! Nilimuuliza. Akasema wa kwetu wana ladha.

Safari ilipangwa saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu ndiyo dereva anafika, amevaa fulana nyeusi ya mtumba, kifuani kuna fuvu limetoa macho mekundu, nywele zimesimama. Mwalimu alirudi nyuma hatua mbili akasoma kitu kimoyomoyo. Kijana wa shemeji ndiye aliyeturejesha kwenye gari.

"Hiyo bendi hiyo, baba mkubwa. Iron Maiden, wa Uingereza. Wanapiga rock tangu 1975."

Dereva mwenyewe alikuwa hajui. Aliinunua kwa sababu ilikuwa haijachanika.

Kijana akanogewa. Akatuambia mwimbaji wao, Bruce Dickinson, ni rubani mwenye leseni, na 2008 walizunguka dunia kwa Boeing 757 ya kukodi, vyombo na mafundi na wapigaji wote ndani, yeye mwenyewe kashika usukani. Anarusha ndege mchana, usiku anapanda jukwaani kupiga kelele. Gari zima tukanyamaza. Mie nikaangalia kiti changu, nikaangalia ndoo. Mwalimu ndiye aliyepata neno: "Sasa huyo mazoezi ya sauti anafanya saa ngapi?"

Kabla ya kuondoka palikuwa na ubishi wa njia. Ukiangalia ramani, Bagamoyo ipo kusini ya Tanga, ufukwe huohuo mmoja. Ungedhani unateremka tu na bahari. Jamaa wa Chumbageni akashauri tupite Pangani, tukatize Saadani. Saadani ni hifadhi, yakhe, ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara iliyopakana na bahari, na wanyama wake hawana habari na tairi zetu zilizokwisha kashata. Nikamwambia, mie Simba Wanyika nawafahamu, hao wengine wa Saadani hatujajuana. Basi ikawa Segera. Unakwenda bara kwanza, ndipo urudi pwani.

Tulipofika Muheza, madirishani machungwa yakajaa. Kila mtu akanunua mfuko, kana kwamba Bagamoyo kuna njaa. Mie pa kuweka sina, nikapakata wangu na wa shemeji.

Na hapo ndipo mwalimu alipotangaza kwamba yeye, hasa, ni Sikinde, yaani shabiki wa Mlimani Park, wapinzani wa Msondo.

Nusura gari lisimame. Mtu umechanga, umekaa kiti cha mbele, umekula machungwa ya wenzio, halafu wewe ni Sikinde! Akasema anakwenda kushuhudia tu. Akaanza: Mlimani Park imeanza 1978, na tangu hapo wengine mnapiga kelele. Muuza samaki akamjibu kwamba bila Msondo hiyo Sikinde ingeokota wapi watu? Mwimbaji Muhidin Gurumo alitoka wapi? Mwalimu akasema sawa, Gurumo alitoka Msondo, lakini alikuja Sikinde kwa akili zake timamu. Shemeji akadakia kwamba aliondoka Sikinde vilevile akaenda bendi ya OSS, na mwisho alirudi Msondo, hadi alipostaafu. Marehemu mzee wa watu kafariki 2014, na bado wanamgombania ndani ya Noah kati ya Muheza na Segera. Kijana akauliza kwa upole, hivi hao Msondo wana ndege? Akaambiwa anyamaze na babake.

Segera tukashuka kunywa chai. Sitasema bei. Nitasema tu kwamba nilimuuliza mhudumu kama sambusa ile ni ya kula hapa au ni ya kurithisha.

Kutoka hapo ni Kabuku, Mkata, unashuka hivyo na kibao cha 50 kila kijiji. Gari zinazokuja zinakuwashia taa kukuambia mbele kuna tochi ya trafiki ya kupima mwendo, na dereva wetu anawajibu kwa kupunga mkono akidhani wanamsalimia. Akapigwa tochi. Afande akaja dirishani, akaliona lile fuvu, akatazama namba za gari, akatutazama sisi.

"Mnatoka Tanga?"

"Ndiyo, afande."

"Mnakwenda?"

"Bagamoyo."

Akanyamaza kidogo. "Kwani waganga wa kwenu wamekwisha?"

Mwalimu alijaribu kueleza habari za muziki wa dansi. Afande akamsikiliza vizuri tu, kisha akahesabu vichwa. Mwendo, faini elfu thelathini. Kuzidisha abiria, elfu thelathini nyingine. Kimashine kikatema karatasi, akatutakia safari njema. Waliozidi wakashuka, wakaambiwa watafute bodaboda. Bodaboda zile nazo zilikuja kudai nauli kwenye mfuko wa safari, na mfuko wa safari ni mie.

Daraja jipya la Wami ni zuri, siwezi kulisema vibaya, lina urefu wa zaidi ya mita 500 na magari yanapishana bila kutazamana. Lile la zamani lilikuwa jembamba, gari moja lipite, jingine lingoje. Lakini kungoja kule kulikuwa na faida yake: abiria mlishuka mkachimba dawa kwa utulivu. Siku hizi unavuka hujapata nafasi, na muuza samaki kibofu chake hakijui habari za maendeleo. Tulisimama mara nne kwa ajili yake. Kila akirudi anasema, "Hiyo ndiyo ya mwisho."

Msata unakata kushoto, kilomita 64 unaingia Bagamoyo. Tulifika jioni. Kijana akataka kwenda kuona magofu ya Kaole, tukamwambia aangalie magofu yaliyomo ndani ya gari. Dada wa muuza samaki akazipokea nguru zake, akazitazama, akasema, "Ahsante kaka, nami jana nimeletewa nguru." Basi. Kilomita zote zile nimekaa na ile ndoo.

Ukumbini sasa. Tangazo lilisema kiingilio elfu kumi. Mlangoni kijana mmoja kavaa miwani ya jua, na ni saa mbili usiku, akatuambia elfu kumi ni ya kuingia, kukaa ni elfu tano. Nikamwambia, mwanangu, mie nimekuja nimekunjwa tangu Tanga, kukaa ndiyo kitu nisichokihitaji, nataka kunyooka. Nikalipa ya kuingia tu. Baada ya nusu saa nikarudi kulipa ya kiti. Akacheka. Kiti chenyewe cha plastiki, mguu mmoja una maoni yake.

Wanamuziki walikuwa wamefika zamani, tuliwaona nyuma ya jukwaa wanakunywa chai, watu wazima, wastaarabu. Kilichokuwa hakijafika ni spika za promota. Mshereheshaji akawa anatuambia "muda si mrefu" kwa kutumia koo lake mwenyewe. Saa nne, muda si mrefu. Saa nne na nusu, wapendwa, muda si mrefu. Spika zikaja juu ya kirikuu, zikafungwa, umeme ukakatika. Genereta likawashwa, likakohoa, likazima, mafuta hayakuwemo. Nilimtazama mwalimu, naye alikuwa anatabasamu peke yake. "Sikinde," akasema, "spika hutangulia."

Saa tano na ushee zile tarumbeta zikapiga.

Sikilizeni, nalalamika kuhusu kila kitu, lakini hapo sina neno. Tarumbeta zikiingia pamoja, gitaa la solo linazungumza huku la rizimu likilibishia, besi iko chini inashona, mwili unasahau uliletwaje. Waimbaji wakashika kiitikio, na ukumbi mzima, wababa na wamama wenye vitambi vya heshima, tukaitikia. Wimbo unaanza polepole, unakusimulia kisa cha mtu na mkewe, unampa mtu nafasi ya kufikiri. Ndipo linakuja chemko, pale wimbo unapochangamka. Likija chemko huna goti.

Kero zilikuwepo, sikatai. Mbele yangu alisimama bwana mmoja ameinua kishikwambi ukubwa wa sinia, tamasha zima nimeliona kupitia kioo chake, tena anarekodi dari. Halafu kuna mwenyeji mmoja mwenye kanzu aliyekwenda kumtunza mwimbaji. Akatoa noti ya elfu kumi, akaionyesha pande zote nne za ukumbi, akambandika mwimbaji kwenye paji la uso. Watu wakashangilia. Akainama kumnong'oneza kitu. Mwimbaji, bila kukosa hata mstari mmoja, akaingiza mkono mfukoni akamrudishia elfu nane.

Na aliyetangulia katikati ya uwanja ni nani? Mwalimu! Koti kalivua, shati limelowa, mabega yanakwenda yenyewe. Nikamfuata. "Mwalimu, si ulisema unashuhudia?"

"Nawakagua," akasema, bila kusimama. "Nawakagua kwa karibu."

Kijana wa shemeji yeye alikuwa anapiga picha za video, na kumbe anaziweka kwenye status papo hapo. Saa nane usiku simu yangu ikalia. Mama watoto hakusalimia. "Nimeliona goti," akasema. "Linashuka mpaka chini na kupanda. Pazia nimeliweka juu ya kabati, na stuli iko hapo." Akakata.

Asubuhi hatukupata dereva. Tulikubaliana alale garini ili aturudishe, lakini aliposikia tarumbeta za kwanza akaja ndani, na fulana yake ya fuvu, akacheza hadi wapigaji walipofungasha. Tukamkuta kalala chini ya mwembe, hata maji ya usoni hayakumgusa akili. Mwenye leseni mwingine ni mwalimu, naye miwani aliiangusha wakati wa kukagua. Kijana akaanza tena, "Sasa lau ingekuwa Bruce Dickinson..." Tukamfukuza akatafute chapati.

Tuliondoka saa saba mchana. Machungwa yaliyobaki yalikuwa yameanza kunuka. Ubishi ulianza upya kabla hata ya Msata, mwalimu anadai mpiga tarumbeta mmoja alichelewa kuingia mara mbili, na kwamba Sikinde mtu wa hivyo angekatwa posho. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumjibu, hata muuza samaki, ambaye kimya chake kilikuwa na sababu nyingine, na tukasimama tena.

Sasa hesabu. Mafuta, faini ya mwendo, faini ya vichwa, bodaboda, kiti chenye miguu mitatu na nusu: vyote nimevitoa mie, fundi wa pancha. Wengi wamelipa, Mungu awazidishie. Muuza samaki amelipa kwa kibua, tumemaliza. Lakini wewe wa Chumbageni, uliyetaka kutupitisha kwa simba, uliyekula sambusa tatu Segera ukasema pesa ndogo huna, najua unasoma hapa na hutaandika kitu. Ni elfu ishirini na tano. Namba unayo, na jina litakalotokea ni la mke wangu, usishtuke, tuma tu.