Jina fupi la tovuti, na fundi wa Keko

Fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, anataka tovuti. Kijana anayemtengenezea anamshauri achukue herufi za mwanzo tu za jina la karakana, tatu au nne, basi.

Ushauri huo una mashiko. Jina fupi linakaa vizuri kwenye kadi, mgongoni mwa fulana na ubavuni mwa kirikuu kinachopeleka kabati kwa mteja. Wakubwa nao wamelipia ufupi: Facebook ilianza kama thefacebook.com, na mwaka 2005 ikatoa dola 200,000 ili iachane na hilo "the". Tesla ilitumia teslamotors.com hadi 2016.

Ila tazama vizuri. Hao walikua na jina refu kwanza, ufupi wakaununua baadaye fedha zilipopatikana. Tena walichonunua ni neno linalotamkika, si mkusanyiko wa herufi.

Hapo ndipo kijana anapokosea. Mtajie mtu herufi kwa simu, barabarani, bodaboda zikipita. Ukisema "ef" anasikia "es". Ukiitaja E kwa Kiingereza, yeye anaandika I. Ukiitaja A, anaandika E. Herufi tatu zinageuka mazungumzo ya dakika mbili.

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na hiyo ni mali tunayoichezea. "Samanizakeko" ina herufi 12, lakini ukiitamka mara moja imeandikika. Weka "furniture" uone: huyu ataandika fanicha, yule fenicha, wa tatu atakata tamaa. Si kwamba Kiswahili hakina mitego. "Bora" kwa wengine ni "bola", na "dhahabu" huishia "zahabu". Kwa hiyo neno lichaguliwe kwa masikio, herufi zihesabiwe baadaye.

Wapo watakaosema mteja wa leo haandiki anwani, anabofya tu kiungo alichotumiwa WhatsApp. Kweli, na kwa mteja huyo urefu wala ufupi hauna uzito. Lakini fundi husifiwa kwa mdomo, harusini na msibani, na pale hakuna cha kubofya.

Kuhusu mwisho wa jina: maneno mafupi ya .com yalishachukuliwa zamani, mengi yameshikiliwa na walanguzi. Kwenye .co.tz nafasi bado ipo, ingawa mteja aliyezoea "doti komu" atapotea mara moja moja. Mwenye uwezo asajili zote mbili. Miisho ya nchi za mbali inayopendeza machoni mimi siiamini sana. Mwaka 2010 Libya, yenye mwisho wa .ly, iliifunga vb.ly, tovuti ya kufupisha viungo, na wenye nayo hawakuwa na la kufanya.

Kabla ya kulipa, fundi ampigie shangazi yake aliyeko mkoani, amtamkie jina mara moja tu, kisha amwombe alirudishe kwa meseji. Likirudi limeharibika, atafute jingine.